Majabali na Mapango ya Kando ya Ziwa: Yatembelee, Urudi Salama

Ukikaa Mwanza au katika vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, mawe umeyazoea. Yako shambani, yako njiani, yako nyuma ya nyumba. Tunaanika dagaa na muhogo juu yake. Watoto huteleza juu yake. Mwashi huyavunja apate kokoto.

Lakini kila mwaka watu hutoka nchi za mbali kuja kuyatazama mawe hayo hayo. Hupanda ndege, hulipa fedha, kisha hutembea juani siku nzima. Wanatazama nini? Na sisi tulio karibu, mbona wengi wetu hatujafika? Wengine hudhani kwamba hifadhi ya taifa ni mahali pa wageni tu. Wengine huogopa gharama. Wengine wanajua jambo moja tu juu ya hifadhi: kwamba mvuvi akiingia hukamatwa.

Katika somo hili tutaeleza majabali, mapango na makorongo yalitokeaje. Tutaeleza mahali pa kuyaona. Kisha tutaeleza namna ya kutembea huko bila kuumia, maana mahali pazuri pia pana hatari zake.

MAJABALI YALITOKEAJE?

Wazee wengi wameulizwa na watoto: "Nani aliyeyapanga mawe haya, moja juu ya jingine?" Mtu hawezi kuyainua. Hata trekta haliwezi.

Jibu ni hili. Jiwe la Mwanza huitwa graniti. Zamani sana, zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita, jiwe hili lilikuwa uji wa moto chini ya ardhi. Uji huo ulipoa polepole, ukawa mwamba mgumu. Wakati huo hapakuwa na watu, wala wanyama, wala miti.

Udongo uliofunika mwamba huo ulichukuliwa na mvua na upepo kwa muda mrefu. Mwamba ulipokaribia juu, ulipata nyufa. Nyufa nyingine zilisimama wima, nyingine zililala. Basi mwamba ukawa kama ukuta wa matofali makubwa.

Maji ya mvua yaliingia katika nyufa hizo. Maji huozesha jiwe polepole, likawa mchanga na udongo. Pembe za tofali huozeshwa upesi zaidi, kwa sababu maji huzishika pande zote. Pembe zikiisha, tofali huwa mviringo. Mvua ikauchukua ule mchanga, na yale mawe ya mviringo yakabaki yamekaa juu ya mengine.

Kwa hiyo hakuna aliyeyapandisha mawe hayo. Yalikuwa hapo hapo tangu mwanzo. Kilichoondoka ni udongo uliokuwa kati yake. Jiwe la Bismarck, linalosimama majini karibu na bandari ya Mwanza, lilitokea kwa njia hiyo. Wajerumani walilipa jina la kiongozi wao, lakini jiwe lilikuwapo kabla yao na kabla yetu.

Hapa kuna fundisho kwa mwenye nyumba. Jiwe lililokaa juu ya jingine limeshikwa na udongo na mawe madogo. Mtu akichimba chini yake kutafuta mchanga, kokoto au kiwanja, anaondoa kilichokuwa kikilishikilia. Mvua kubwa ikija, jiwe linaweza kuporomoka juu ya nyumba zilizo chini. Usichimbe chini ya jabali, wala usikate miti yote iliyo kati ya majabali. Mizizi nayo hushikilia udongo.

PANGO NA KORONGO

Pango ni uwazi ndani ya mwamba au chini yake. Mapango mengi ya upande wetu wa ziwa ni nafasi zilizobaki kati ya jabali na jabali. Hayaendi mbali.

Mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, ni ya namna nyingine. Huko jiwe ni la chokaa. Maji ya mvua huwa na ukali kidogo, kama ukali wa ndimu, ingawa ulimi hausikii. Maji hayo huyeyusha chokaa. Kwa muda mrefu sana yamechimba vyumba na njia chini ya ardhi. Mtu akiingia bila kiongozi anaweza kupotea.

Korongo ni bonde jembamba lenye kuta kali. Hukatwa na maji ya mto au ya mafuriko. Korongo lililo maarufu kuliko yote katika nchi yetu ni Oldupai, lililo katika Hifadhi ya Ngorongoro. Jina hilo ni la mkonge wa porini kwa Kimasai. Maji yamekata tabaka za udongo na majivu ya volkano, moja chini ya nyingine, kama mtu aliyekata mkate. Tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona humo fuvu la kiumbe aliyefanana na mtu, mwenye umri wa miaka kama milioni moja na robo tatu. Korongo lile lilifungua kitabu ambacho kilikuwa kimefungwa ardhini.

KISIWA CHA SAANANE

Tuanze na mahali palipo karibu. Ukisimama ufukoni mwa jiji la Mwanza utaona kisiwa kidogo chenye majabali na miti. Hicho ni Saanane. Jina hilo ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa mkulima na mvuvi mwenye kisiwa hicho. Mwaka 1964 serikali ilifanya kisiwa hicho kuwa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa.

Ni hifadhi ndogo kuliko zote za Tanzania. Eneo lake ni kilomita za mraba 2.18 tu, na sehemu kubwa ni maji. Kwa boti ni safari ya dakika chache kutoka Mwanza. Kwa hiyo darasa linaweza kwenda asubuhi na kurudi mchana.

Huko kuna njia za miguu zinazopita kati ya majabali mpaka juu. Ukifika juu utaona jiji lote na ghuba yake. Utaona swala pala, tumbili, kenge na pimbi. Pimbi ni mdogo kama sungura, lakini wataalamu wanasema ana nasaba na tembo. Huota jua juu ya jabali asubuhi. Mmoja hulinda wakati wengine wanakula, na akiona tai hupiga kelele, wote wakaingia ufani.

Utaona pia mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu. Huyo ni dume. Jike ana rangi ya udongo. Tumemwona siku zote tukampita tu. Lakini wataalamu wa dunia nzima humwita kwa jina lenye neno Mwanza: Agama mwanzae.

RUBONDO: KWA NINI UVUVI UMEKATAZWA?

Kusini-magharibi mwa ziwa kuna kisiwa kikubwa cha Rubondo. Huko watu walikuwa wakilima na kuvua. Katika miaka ya 1960 walihamishwa, kisiwa kikawa pori la akiba. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliletwa kutoka Ulaya na kuachiwa msituni. Baadhi yao walikuwa wameishi miaka mingi katika vizimba. Walijifunza tena kutafuta matunda na kulala juu ya miti, wakazaa. Twiga na tembo pia walipelekwa. Mwaka 1977 Rubondo ikawa hifadhi ya taifa. Pamoja na maji yake ina kilomita za mraba 456. Watu huenda kwa boti kutoka Nkome upande wa Geita, au Kasenda upande wa Chato.

Huko mtu hutembea msituni kwa miguu pamoja na askari. Wenyeji wa kisiwa tangu zamani ni nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea katika matete bila kuzama. Wako pia viboko, mamba, fisi maji na ndege wengi.

Sasa tuseme wazi jambo linalowauma wavuvi wengi. Maji yanayozunguka Rubondo yana samaki, na kuvua humo ni kosa. Mvuvi husema: "Watoto wangu wana njaa, na samaki wako pale." Neno lake si la kudharauliwa. Waliohamishwa waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Jambo hilo ni kweli na linafaa kukumbukwa.

Lakini tufikiri pia habari ya samaki mwenyewe. Sato hutaga karibu na ufuko, penye maji machache yaliyotulia. Jike huyachukua mayai kinywani mwake mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakiona hatari hurudi kinywani. Ukimvua jike huyo umevua na watoto wake wote. Kama ufuko wote wa ziwa ungevuliwa kila usiku kwa nyavu za matundu madogo, samaki wangezaliana wapi? Samaki wakizaliana na kukua katika maji yaliyolindwa, wengine hutoka nje ya mpaka. Wakitoka, ni halali ya mvuvi mwenye leseni na wavu unaoruhusiwa. Mkulima haili mbegu yote. Huweka akiba ya msimu ujao.

VILIMA VYA MAWE VYA SERENGETI

Watu wengi hudhani kwamba Serengeti ni mbali. Lakini lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, karibu na ziwa. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Katikati ya mbuga kuna vilima vya mawe kama vile vya Mwanza. Udongo umeondoka, majabali yamebaki kama visiwa katika bahari ya nyasi.

Mahali paitwapo Moru kuna jabali lenye michoro ya ngao na watu, kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Ilichorwa na Wamasai, waliokuwa wakichunga huko kabla ya kuhamishiwa Ngorongoro mwaka 1959. Karibu na hapo kuna jiwe ambalo ukiligonga kwa jiwe dogo hulia kama kengele.

Huko usitembee peke yako hata hatua chache. Simba na chui hupenda kupumzika juu ya vilima hivyo, maana wanaona mbali. Matembezi ya miguu hufanywa kwa ruhusa, pamoja na askari mwenye silaha.

KUJIANDAA KWA SAFARI

Darasa likitaka kwenda, chagueni watu watatu wa kusimamia safari: mmoja wa fedha, mmoja wa usafiri, mmoja wa chakula na afya. Waende mapema, au wapige simu, katika ofisi ya Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA. Waulize kiingilio ni kiasi gani, nauli ya boti ni kiasi gani, na jinsi ya kulipa. Raia wa Tanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, na watoto hulipa kidogo zaidi. Kwa hiyo chukueni vitambulisho.

Kila mtu awe na vitu hivi:

1. Maji ya kunywa, chupa mbili kubwa kwa matembezi ya mchana.
2. Viatu vya kufunika kidole, vyenye soli isiyoteleza. Malapa hayafai juu ya jabali.
3. Kofia au kitambaa cha kichwa, na nguo ndefu.
4. Chakula kisichoharibika upesi, na mfuko wa kurudishia takataka.
5. Tochi, kama mtaingia penye giza.
6. Dawa zako, kama una dawa unazomeza kila siku.

Mama mjamzito, mgonjwa wa moyo na mzee mwenye magoti mabaya wanaweza kwenda, ila wabaki njia ya chini. Kuona ziwa kutoka chini si aibu.

KUTEMBEA KATIKA MAJABALI

Mfuateni kiongozi. Mwendo wa kundi uwe mwendo wa aliye mwisho. Msiende juu ya jabali lenye maji au kuvu, maana huteleza kama sabuni. Kabla ya kukanyaga jiwe, lijaribu kama linacheza. Usitie mkono ufani usipopaona, kwa sababu nyoka na nge hukaa humo. Radi ikianza kunguruma, shukeni upesi.

Nyuki wa porini hufanya mzinga katika nyufa. Msipige kelele, msiwashe moto, msijipake marashi. Wakiwashambulieni, funikeni uso, mkimbie mbali, muingie ndani ya nyumba au gari. Msisimame kuwapiga.

Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje, msinyonye jeraha, msimfunge kamba ya kukaza. Mlazeni atulie. Vueni pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Fungeni mguu au mkono kwa kipande cha mti ili usicheze, kama mnavyofunga aliyevunjika. Kisha mbebeni hospitali bila kuchelewa. Akitembea, sumu hukimbia mwilini.

POPO WA MAPANGONI

Jambo hili tuliangalie sana. Katika mapango mengine wako popo wakubwa walao matunda. Baadhi yao hubeba virusi vya ugonjwa wa Marburg. Popo mwenyewe haugui, lakini mtu akiupata hupata homa kali, kutapika, kuhara, na pengine kutokwa damu. Wengi hufa.

Mwaka 1980 na 1987 watu waliotembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon, Kenya, waliugua wakafa. Mwaka 2008 mtalii aliyeingia katika pango la popo na chatu huko Uganda naye alifariki baada ya kurudi kwao Uholanzi. Katika Mkoa wetu jirani wa Kagera ugonjwa huu ulitokea mwaka 2023, na tena mwaka 2025.

Kwa hiyo msiingie pango lenye popo wengi. Msiguse mavi yao, wala msile tunda lililotafunwa nao. Wazazi, wakatazeni watoto kuingia kuwakamata. Mtu aliyeingia pango la popo akipata homa katika wiki tatu zinazofuata, aende hospitali na amwambie mganga alikuwa wapi. Asifiche. Lakini msiwachome moto popo. Wakifukuzwa huhamia karibu na nyumba, na tena wao ndio wanaosambaza mbegu za miti.

KATIKA BOTI NA MAJINI

Safari ya kisiwani ni safari ya maji. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi.

Basi hesabuni watu kabla ya kupanda. Boti ikiwa imejaa, subirini nyingine, hata kama nahodha anasema "twende tu." Vaeni jaketi la kuokolea na mlifunge, msilikalie. Mkiona wingu jeusi na upepo, ahirisheni safari.

Msioge wala kutumbukiza miguu penye matete na maji yaliyotulia. Kuna mamba, na kuna konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hupenya ngozi bila kuuma.

MICHORO NA MAHALI PA WAZEE

Kuta za mapango mengine kandokando ya ziwa zina michoro ya kale. Iko Bwanjai karibu na Bukoba, na iko katika kisiwa cha Mfangano upande wa Kenya, ambako imechorwa miduara ndani ya miduara. Hiyo ni barua ya watu ambao hawakujua kalamu wala karatasi. Usiiguse, maana jasho la mkono huiharibu. Usiimwagie maji ili ionekane vizuri. Usiandike jina lako. Wewe uliyejifunza kuandika, andika katika daftari lako, usifute maandishi ya babu.

Mapango na majabali mengine ni mahali pa matambiko. Huko Ukara wenyeji hutembeza wageni kwenye jiwe linalocheza, Nyaburebeka. Mahali kama hapo mwulize kwanza mzee wa pale. Akisema vueni viatu, vueni. Akisema msipige picha, msipige.

Wako pia wanaochimba mapangoni wakitafuta mali waliyodhani ilifichwa na Wajerumani. Wanachoacha ni mashimo, na habari za kale huvurugika zisiweze kusomwa tena. Ukiwaona, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji.

Ndugu msomaji, wahenga walisema, tembea uone. Mwanzo si lazima uwe Serengeti. Anza na jabali lililo karibu na darasa lenu. Litazame nyufa zake, tazama mchanga uliotoka kwake, tazama nani anaishi humo. Mwenye kulijua jabali la kijiji chake hatakubali lichimbwe chini ovyo, wala mtoto wake hataingia pango la popo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mawe ya Mwanza ni ya mviringo na yamekaa juu ya mengine?
2. Pango la Amboni na pango la majabali ya Mwanza yanatofautiana vipi?
3. Mvuvi anasema sheria ya Rubondo inamwonea. Mwingine anasema inamsaidia. Kila mmoja aeleze sababu zake. Darasa lenu linaonaje?
4. Mwenzenu ameumwa na nyoka kilimani. Mtafanya nini kwanza, na hamtafanya nini?
5. Katika kijiji chenu kuna jabali ambalo watu wanachimba chini yake? Nani yuko hatarini, na mtamwambia nani?
6. Andika barua fupi kwa ofisi ya hifadhi iliyo karibu, ukiuliza kiingilio na usafiri kwa watu wa darasa lenu.